Kirusi cha Zege, Kireno cha Bwawa

Zamani zetu, mtoto wa Kisangani aliyetaka kusomea uhandisi ilimbidi ahame mji. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 vikawa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), kampasi yetu iliachiwa sayansi, ualimu na saikolojia. Uhandisi ukabaki Kinshasa, na ule wa madini Lubumbashi. Ajabu ni kwamba mitambo yenyewe tulikuwa nayo mlangoni. Bwawa la mto Tshopo, walilolijenga Wabelgiji miaka ya 1950, ndilo lililotuletea umeme, na baba yangu alikuwa mmoja wa mafundi wake.

Ufadhili nilioupata ulinipeleka Moscow. Nilifika Septemba 1980, michezo ya Olimpiki imekwisha lakini mabango yake yangali ukutani. Chuo kiliitwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, na tangu 1961 kilibeba jina la Patrice Lumumba. Wenzangu wa Peru na Bangladesh walilijua jina hilo kutoka vitabuni. Kwetu Lumumba alikuwa kwanza karani wa posta ya Stanleyville, kama Kisangani ulivyoitwa wakati huo, na wazee wa mtaani walikuwa wakimwona akienda kazini. Nilipowasimulia wenzangu hao, walidhani najigamba.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa Kirusi, lakini si Kirusi cha salamu na hali ya hewa tu. Haikupita miezi mingi wakaingia walimu wa hisabati, fizikia na uchoraji wa mashine, wote wakifundisha kwa Kirusi chepesi. Mwalimu wetu wa lugha, mama wa makamo, alikuwa na vali ya bomba la maji aliyoifungua vipande vipande akavipanga mezani. Hukiokoti kipande mpaka ukitaje, useme kinakaa wapi, kinafanya kazi gani, na kikiharibika litatokea nini. Ukikosea mwisho wa neno, na Kirusi kina miisho mingi kuliko subira ya mwanadamu, kipande kinarudi mezani, zamu inakwenda kwa mwingine. Sarufi iliniingia vidole vikinuka grisi. Likizo za kiangazi wanafunzi tulijiunga na vikosi vya ujenzi, na huko kwa wapiga plasta nikaokota Kirusi cha aina nyingine, ambacho mama yule asingekiruhusu kivuke mlango wa darasa lake.

Nilihitimu 1986. Katika Zaire ya Mobutu diploma ya Moscow ilimfanya mwenye ofisi aisome mara mbili, kisha akwambie urudi wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika.

Kazi ikatokea Angola. Kwenye mto Kwanza, jimbo la Malanje, ujenzi wa bwawa la Capanda ulikuwa umeanza mwaka 1987: ukuta wa kimo cha mita 110, mitambo ya megawati 520. Technopromexport ya Wasovieti na Odebrecht ya Wabrazili zilikuwa bega kwa bega, na vibarua walikuwa Waangola. Nilichukuliwa kwa kuwa nilijua Kirusi na nilijua zege. Kireno nilikipata palepale. Aliyekwisha kuhangaika na Kifaransa shuleni hana haki ya kulalamika.

Zege la Capanda lilikuwa kavu. Lilimwagwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa kwa rola, kama barabara, na tabaka la juu sharti liwahi kabla la chini halijashika. Likichelewa, maji yatapata njia hapo siku moja. Mchana mmoja mashine ya kuchanganyia ilisimama, na ilipowaka tena mhandisi Mrusi akakataa zege lisimwagwe. Mkalimani, kijana hodari aliyesomea fasihi, alipeleka maneno yote bila kuacha hata moja, lakini msimamizi Mbrazili alizidi kuuliza: kwani tumekosana nini? Nilichukua chaki nikachora kwenye ubao wa fomu: tabaka la chini, tabaka la juu, na mshale wa maji katikati. Nikaongeza kwa Kireno changu kibovu kwamba uso ule ukwanguliwe na kuoshwa kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akaita watu wa mabomba.

Pasipoti yangu ilikuwa mzigo. Mobutu alimsaidia Savimbi, kiongozi wa waasi waliopigana na serikali ya Angola, na kila Mzairwa alishukiwa. Kwenye vizuizi vya barabarani nilijibu kwa lafudhi ya Kibrazili. Askari walicheka, wakanipitisha. Vita viliporudi baada ya uchaguzi wa 1992, vilifika hadi Capanda na kazi ikasimama. Januari 1993 walioitwa Wazairwa waliwindwa katika mitaa ya Luanda. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Bwawa lile lilianza kutoa umeme mwaka 2004.

Siku hizi naona vijana wa Makiso, hapa Kisangani, wakilipia masomo ya Kiingereza jioni, na wengine wanauliza Kichina kinafundishwa wapi. Wanakariri namna ya kuagiza chai hotelini. Fundi hatapata kazi kwa chai. Walimu wa lugha wa Kisangani, njooni mtuchukue sisi mafundi wastaafu. Tutakuja na pampu, na vali, na michoro; ninyi leteni sarufi. Malipo tutaelewana.