Homa ya Nguruwe na Sisi Tusiokula Nguruwe



Ndugu zangu, na hasa akina mama, jina la ugonjwa laweza kumpumbaza mtu hata asiuone ugonjwa wenyewe. Mwezi wa Aprili 2009 kirusi kipya cha mafua kilitambuliwa Mexico na Marekani, kikaitwa cha nguruwe. Nasi tukasema homa ya nguruwe. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa maradhi hayo yameenea duniani, na kabla ya mwezi kwisha Kenya ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi wa Kiingereza aliyekuwa Kisumu. Waislamu wengi niliowasikia wakilizungumza jambo hilo walikuwa na jibu moja: sisi hatuli nguruwe, yatatupataje?

Mwaka huo nilikuwa nikitoa darsa baina ya Kitale na Bungoma. Kitale iko juu sana, yapata mita 1,900, na baridi yake humfanya mtu wa pwani alale na kanzu mbili. Watu hufunga madirisha tangu magharibi, nyumbani na msikitini, wakavuta pumzi zile zile mpaka alfajiri.

Huko Bungoma palikuwa na nyumba niliyozoea kukaribishwa. Mama wa nyumba alikuwa na mimba ya miezi saba. Jirani yao, Mbukusu asiye Mwislamu, alifuga nguruwe, na wiki chache kabla nguruwe hao walikufa mmoja baada ya mmoja. Mama akaingiwa na hofu. Akawakataza watoto kukanyaga ua wa jirani, akaacha kununua maziwa yake, na hata salamu zikakatika.

Mfungo mosi ukaingia, na arusi ikaja. Wageni walishuka kutoka Kitale, baadhi yao wakikohoa, wakapokewa kwa mikono miwili. Walilala wanne chumba kimoja, wakala sinia moja, wakajifuta kwa taulo moja. Baada ya siku tatu mama alishikwa na homa, kichwa na maumivu ya viungo. Akanyweshwa chai ya tangawizi na ndimu, akaambiwa ni mafua tu, yatapita. Usiku wa siku ya tano pumzi zilimwia fupi na midomo ikageuka rangi. Gari lililompeleka hospitali lilikuwa la yule jirani. Mama alisalimika. Mtoto aliyekuwa tumboni hakusalimika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyumba ile ililinda mlango ambao ugonjwa haukupitia. Kuna maradhi ya nguruwe yanayowaua nguruwe wa magharibi mwa Kenya mara kwa mara, nayo pia huitwa homa ya nguruwe. Lakini hayo hayamwambukizi binadamu kabisa. Mafua ya mwaka 2009 ni kitu kingine. Kirusi chake kilichanganya asili ya nguruwe, ndege na watu, kisha kikawa chatoka kwa mtu kwenda kwa mtu: kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mkono ulioshika pua kisha ukashika kikombe. Nyama haikuwa njia yake. Uharamu wa nguruwe ni hukumu ya Mola wetu, nasi twaitii; lakini haikuteremshwa iwe chanjo ya mafua. Na kirusi hicho hakikuondoka. Janga lilitangazwa kwisha Agosti 2010, nacho kikabaki miongoni mwa mafua ya kawaida yanayoturudia kila mwaka.

Sisi wa pwani tusisahau kwamba mafua makubwa ya mwaka 1918 yaliingia nchini kwa bandari ya Mombasa, yakapanda bara pamoja na wasafiri. Hakuna aliyeyataja kwa nguruwe, na yaliua maelfu kwa maelfu.

Dini yetu haikutuacha gizani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga chafya hufunika uso kwa mkono au nguo yake. Alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia, na Sayyidna Umar akarudi njiani alipoambiwa kuwa Sham ina tauni. Aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa ajitenge na msikiti kwa ajili ya harufu. Seuze anayekohoa maradhi? Mgonjwa ana udhuru wa kuswali nyumbani. Kutawakali hakumzuii mtu kufunga ngamia wake.

Basi tufanye haya. Tukohoe ndani ya kiwiko au kitambaa. Tunawe kwa sabuni, kwani udhu ni twahara, lakini maji matupu hayatoshi kwa mkono uliopangusa kamasi. Tufungue madirisha hata kama ni baridi. Kila mtu awe na kikombe na taulo lake, na mtoto mwenye homa asipelekwe madrasa. Mwenye mafua huanza kuambukiza siku moja kabla ya kujihisi, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Viuavijasumu haviui kirusi, na mtoto asipewe aspirini.

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, mwenye pumu, sukari au ugonjwa wa moyo, hao wasingojewe wapone wenyewe. Pumzi zikibana, kifua kikiuma, midomo ikigeuka rangi, mtoto akikataa kunyonya, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, twende hospitali saa ile ile.

Chanjo nayo ipo, na hubadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Wengi huniuliza kama ni halali. Ya sindano kwa kawaida hukuzwa katika mayai ya kuku; ile ya kupulizwa puani ndiyo yenye jelatini ya nguruwe. Mjamzito na aulize kliniki kuhusu ya sindano.

Limebaki moja, nalo ni zito kwetu kuliko sabuni na madirisha. Twaona aibu kumwambia mgeni asije, na mwalikwa huona aibu kukosa arusi. Kumwambia ndugu yako, "Tunaumwa, tusamehe, tutakuja tukipona," si dharau. Ni amana ya afya yake, na huenda ni amana ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe majirani wema, nasi tuwe wema kwao. Amin.