BAISKELI KWA MAMA, SEHEMU YA 3: YA MILIMA AU CHOTARA?

Akina baba mnaosoma kimyakimya, leo mada inawahusu pia maana mara nyingi ndio mnaoenda dukani.

Swali lililonijia zaidi baada ya sehemu ya 2 ni hili: nesi, tumeuza maharage, tunataka baiskeli moja ya nyumbani. Ya kliniki, ya sokoni, ya mashineni. Tuchukue ile ya milima yenye matairi manene ya meno, au ile nyingine ya gia yenye matairi membamba kidogo? Hiyo ya pili mimi naiita chotara, kama kuku wale. Si ya mbio, si ya milima, imechukua kidogo huku na kidogo kule.

Hebu nikuulize kwanza. Kwa wiki nzima, ni safari ngapi unapanda peke yako, mikono mitupu? Mimi nikiwaangalia akina mama wanaofika kliniki kwa baiskeli, simuoni aliyekuja mtupu. Kuna mtoto, kuna ndoo ya mahindi itakayopitia mashineni wakati wa kurudi, kuna kapu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ni keria. Gia baadaye.

Hapo ndipo baiskeli ya milima inapoanza kupungua thamani. Imetengenezwa kwa mtu mmoja ashuke kwenye mawe bila mzigo. Zile shokapu za mbele zinapendeza kwa macho, lakini za bei nafuu ni nzito, na ukipandisha kilima unaona usukani unacheza juu chini. Hizo ni nguvu zako zinaishia kwenye spring badala ya kwenda kwenye gurudumu. Yenye spring na nyuma ndiyo usiiguse kabisa, maana keria imara haina pa kufungwa vizuri. Meno ya tairi yanasaidia kwenye tope, sikatai. Kwenye lami yanavuma na kukuchosha tu.

Chotara haina shokapu mara nyingi, ni nyepesi, unakaa mgongo umenyooka kiasi, na nyingi zina matundu ya kufungia keria na madigadi. Kwa mama wa mjini Sumbawanga, au anayekaa kando ya lami ya kwenda Laela, sina maneno mengi: chukua chotara. Ila chagua yenye tairi nene kidogo, inchi 1.5 na kuendelea, kwa sababu ukiacha lami tu unakutana na changarawe, na kuanzia Novemba mpaka Aprili unakutana na tope.

Kama unakaa upande wa milima ya Mbizi, au njia yako ni ya mawe mwanzo mwisho, basi ya milima, ila isiwe na spring ya nyuma. Na kwenye miteremko ile ya kushuka bonde la Rukwa, ukiwa na mtoto, shuka usukume. Breki nzuri kiasi gani, shuka.

Ile nyeusi ya kizamani ya chuma msiidharau jamani. Inabeba gunia bila kulalamika na kila fundi anaijua. Lakini haina gia, na Ufipa yetu ni vilima na upepo, mama mwenye mwili mdogo atasukuma zaidi ya kupanda. Pia breki zake za vyuma zinateleza rimu ikilowa. Mvua ikinyesha, anza kufunga breki mapema.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawatakwambia. Fundi wangu ndiye alinionyesha, nikabaki mdomo wazi. Inchi 28 si zote sawa, na inchi 26 si zote sawa! Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ile nyeusi imeandikwa 635 mwishoni, chotara nyingi za mtumba kutoka Ulaya ni 622. Zote zinaitwa 28 lakini tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Ya milima ya 26 ni 559, ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu mbele huwa 590. Andika namba hiyo kwenye simu, nenda kwenye duka la spea ULIZA kama tairi lake lipo, ndipo ulipe. Baiskeli inayosubiri tairi kutoka Mbeya inakurudisha kwa miguu, mtoto mgongoni.

Na hapa naongea kama nesi. Aina yoyote utakayochagua, gurudumu la nyuma lifunikwe pande zote mbili kabla mtoto hajakaa kwenye keria. Tunawapokea, wa miaka mitatu, minne, mitano, kisigino kimevutwa kati ya spoki na fremu. Siku ya kwanza unaweza kuona ngozi imechubuka tu, mama anasema afadhali. Baada ya siku mbili tatu ngozi inakuwa nyeusi, inakufa, kwa sababu nyama ya chini ilishasagwa. Fundi anaweza kukata plastiki ya dumu kuukuu na kuifunga kwa waya. Weka na pa kukanyagia miguu.

Ikitokea, msiuvute mguu kwa nguvu. Kateni spoki. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika na kitambaa safi, mlete siku hiyohiyo na kadi yake tuangalie chanjo ya pepopunda. Majivu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta ya taa hapana.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipande kabisa, hata akiwa mgongoni. Shingo bado, na mkianguka ataanza yeye. Na ncha za kitenge zifungwe juu, zisining'inie karibu na spoki wala mnyororo.

Mliojifungua karibuni, subirini mpaka hudhurio la siku ya 42, muulize pale pale kliniki. Mliofanyiwa upasuaji ndiyo msiwe na haraka hata kidogo.

Siku ya kununua nenda mwenyewe, mama, usitume vipimo. Kaa kwenye siti, vidole vya miguu yote viguse chini. Mwambie muuzaji afunge mfuko wa kilo 20 kwenye keria, zunguka nao uwanjani, funga breki ghafla mara tatu. Akikataa kukuruhusu, kuna duka lingine.