Kabla ya Jina la Ugonjwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya patholojia niliyojifunzia kazi mjini Mwanza ilikuwa na vyumba viwili vyenye madirisha makubwa. Harufu ya formalini iliganda kwenye nguo, hata ukizifua haikutoka. Dirisha la upande wa jua lilipangwa chupa za hematoksilini, rangi itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, ili iive kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Vipande vya nyama vilitufikia kutoka hospitali za wilaya kwa basi na kwa meli, kila kimoja ndani ya chupa yake, na karatasi iliyobandikwa kwa plasta ikieleza jina, umri na swali la daktari.

Kazi yangu ilikuwa kukifikisha kipande hicho kwenye hadubini. Tulikitoa maji kwa spiriti, tukakilowesha katika nta ya moto, na nta ilipoganda tukakikata kwa mikrotomu. Unene wa mkato ulikuwa mikroni 5, maana yake ukiweka mikato 200 mmoja juu ya mwingine ndipo upate milimita moja. Siku za joto nta ililainika na mikato ikajikunja, hivyo tuliilaza kwanza juu ya barafu. Mwisho ilikuja rangi: hematoksilini hukipaka kiini cha seli buluu, na eosini huyapaka yaliyobaki waridi. Karibu yote niliyoyajua baadaye kuhusu ugonjwa niliyaona kwa rangi hizo mbili.

Fundi mkuu tulimwita Mzee, na alikuwa na sharti moja. Ukiinamia hadubini ukaanza kutaja ugonjwa, alikukatiza. "Mwanangu, jina liache kwanza. Niambie unaona nini." Mpaka leo naamini hakuna njia bora ya kufundisha patholojia. Vitabu vingi huanza na orodha ya majina, na mwanafunzi hutoka ameyakariri bila kujua kilichotokea ndani ya nyama.

Nakumbuka slaidi ya kidole tumbo cha kijana aliyepasuliwa usiku. Nilimweleza Mzee kwamba mishipa midogo ya damu imetanuka na kujaa, nyama imetawanyika kwa maji, na ukuta mzima umejaa seli ndogo ambazo kiini chake kimegawanyika vipande vitatu au vinne. "Hizo ni nyutrofili," akasema. "Ndizo hutangulia kufika. Zimetoka ndani ya mshipa kwa kupenya ukutani mwake." Huo ndio mchochota: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, dalili nne alizoziandika Mrumi Celsus yapata miaka elfu mbili iliyopita. Wekundu na joto ni damu iliyoongezeka, uvimbe ni maji yaliyovuja. Mwaka 1867 Julius Cohnheim alitazama utando unaoshikilia utumbo wa chura aliye hai chini ya hadubini akaziona seli nyeupe zikitoka mishipani. Kwa siku moja au mbili za mwanzo nyutrofili ndizo nyingi, kisha huingia makrofeji, seli kubwa zinazokula wadudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Nililolishika siku ile ni kwamba mchochota si adui aliyevamia. Ni kazi ya mwili wenyewe.

Kuhusu seli inavyoumia, alinifundisha zaidi daktari wetu wa patholojia, mtu mpole aliyependa kumtaja Rudolf Virchow wa Berlin, aliyefundisha mwaka 1858 kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli. Seli ikikosa oksijeni, alieleza, hukosa nguvu ya kusukuma chumvi nje, maji huingia, nayo huvimba. Hapo bado inaweza kupona damu ikirudi. Ukipita mpaka fulani utando wake huharibika, kiini husinyaa, huvunjika na kufifia, na hakuna dawa ya kuirudisha. Misuli ya moyo ikikatiwa damu kabisa huanza kuvuka mpaka huo baada ya dakika 20 hivi. Ubongo una dakika chache tu.

Siku moja tulitazama moyo wa mtu aliyekufa ghafla, na seli zake zilionekana nzima kabisa. Nilishangaa. Daktari akanieleza kwamba alama za kifo cha seli huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye hadubini, na mwenye moyo ule hakuishi muda huo. Kumbe seli inaweza kuwa imeshakufa huku sura yake bado haijabadilika.

Lakini shule yangu kubwa ilikuwa kichocho. Vijiji vingi vya Usukumani vilitegemea malambo na majaruba ya mpunga, na humo waliishi konokono wanaobeba vimelea vya minyoo ya kichocho. Watoto waliogelea, wakachunga ng'ombe majini, kisha wakakojoa damu. Wapo wazee waliosema ni dalili ya mvulana kukua. Vipande vya kibofu vilikuja maabara vikiwa na mayai yenye mwiba mmoja mwishoni, nami nilidhani minyoo ndiyo iliyokula kibofu. Mzee alinirudisha kwenye hadubini. "Uko wapi mnyoo hapo?"

Haukuwepo. Minyoo wakubwa hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu, na mwili huwavumilia kwa miaka. Yai ndilo linaloleta balaa. Mengine hutoka na mkojo, lakini mengi hunasa ukutani, na kiumbe kilicho ndani hutoa kemikali zinazowaita walinzi. Niliona yai moja limezingirwa na makrofeji zilizoshikana, nje yao seli zenye chembe nyekundu za eosini, na nje zaidi nyuzi za kovu. Hiyo ni granuloma. Kifua kikuu nacho hujenga granuloma, ila katikati yake nyama hufa na kuwa kama maziwa ya mgando.

Yai hufa baada ya wiki chache, lakini kovu hubaki, na ganda hugeuka chokaa. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer aliyakuta mayai hayo ya chokaa katika figo za maiti za Misri zilizokaushwa yapata miaka elfu tatu kabla yake. Kovu likizidi, kibofu hukakamaa, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Na utando wa ndani ukisumbuliwa miaka mingi hubadilisha aina ya seli zake, ukawa wa seli bapa kama za ngozi. Mabadiliko hayo huitwa metaplasia, na kwa wengine ndiyo njia ya kuelekea saratani. Nilitia rangi slaidi za watu wazima wenye saratani hiyo, na pembezoni mwa uvimbe mara nyingi nilikuta mayai ya utotoni, meusi kwa chokaa. Hilo lilinihuzunisha kuliko jambo lolote katika kazi ile, kwa sababu dawa ya prazikwanteli ilikwishapatikana. Dawa hiyo huua mnyoo, na madhara ya mwanzo huweza kupungua, lakini kovu la miaka haliondoi.

Basi mzazi unayeishi karibu na lambo, ziwa au jaruba, usingoje. Mtoto akikojoa damu, mpeleke akapimwe, na mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi.