Kizingitini na Amana ya Kambakoche

Atokaye Amu kwenda Kizingitini hupita kwanza Mkanda, mlango mwembamba wa maji wenye mikoko pande zote, baina ya kisiwa cha Manda na bara. Kisha bahari hufunguka, Mtangawanda na Faza hubaki nyuma, na hatimaye huonekana nyumba zilizobanana katika ncha ya kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate. Sisi tulifika wakati wa kaskazi, na pwani nzima ilikuwa na mazungumzo mamoja tu: kambakoche.

Kaskazi ndio msimu wa riziki hiyo. Kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi bahari hutulia, maji huwa maangavu, na wazamiaji huifikia miamba ambayo kusi huifunga kwa mawimbi. Mzamiaji humfunga pweza kwenye fimbo na kumwingiza pangoni. Kambakoche, kwa kumwogopa adui wake wa asili, hukurupuka na kuangukia mkononi mwa mvuvi. Huuzwa akiwa hai, akasafirishwa Mombasa, mahotelini na ng'ambo.

Mzee mmoja aliyekwisha kuacha kuzamia alitupindulia jike aliyekuwa ndani ya ndoo. Chini ya mkia palikuwa na shada la mayai ya rangi ya machungwa, madogo kuliko punje za ulezi.

"Haya bado machanga," alisema. "Yakikaribia kuanguliwa hugeuka hudhurungi. Huyu hakupasa kuwamo humu, wanangu."

Ndugu msomaji, uzazi wa kiumbe huyu ni wa kustaajabisha. Dume humbandika jike mbegu kifuani, mfano wa kipande cha lami. Jike atoapo mayai huikwangua lami hiyo kwa kucha za miguu ya nyuma, mayai yakarutubika na kunata kwenye vipezi vilivyo chini ya mkia. Jike mkubwa hubeba laki kadhaa kwa muda wa karibu mwezi mmoja, akiyapepea ili yapate hewa. Watoto hawatoki na sura ya mama yao. Huwa bapa kama majani, angavu kama kioo, wenye miguu mirefu ya buibui, na huelea katika bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka vikamba vidogo na kuogelea kurudi mwambani. Wengi mno huliwa njiani. Wafikao ni wachache.

Katika bahari zetu za joto, majike wenye mayai huonekana karibu mwaka mzima. Huko Oman, serikali imeruhusu kuvuliwa kambakoche miezi miwili tu, Machi na Aprili, na hata katika miezi hiyo jike mwenye mayai hachukuliwi. Kizingitini, kusi ndiyo iliyokuwa mlinzi kwa nusu ya mwaka. Kaskazi haina mlinzi ila mvuvi mwenyewe. Sheria ya Kenya inakataza kumvua jike wa namna hiyo, lakini tuliambiwa kuwa wapo wanaoyakwangua mayai ili mnunuzi asiyaone. Ni kazi ya dakika moja.

Tulimuuliza kijana mmoja mzamiaji sababu yake. Hakukasirika. "Petroli ya mashua nimekopa," alijibu. "Nikimwacha mimi asubuhi, mwenzangu atamchukua alasiri."

Mzee akamtazama. "Na mwenzako, baba, anasema hayo hayo juu yako."

Neno hilo lina uzito kuliko lionekanavyo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia ushukao kusini, yote miwili ikageukia bahari kuu. Watoto walioanguliwa Kizingitini huenda wakakulia kwa jirani, na wavuliwao Kizingitini huenda walizaliwa mbali. Hakuna kijiji kiwezacho kusema kinavuna alichokipanda peke yake.

Kwa hiyo hatuoni haki kumtwika mzamiaji mwenye deni mzigo wote. Jike aliyekwanguliwa hubaki na alama: manyoya ya vipezi vyake huwa yamechanika, na mabaki ya gundi ya mayai huonekana. Mwenye mizani akimpindua kila jike kabla ya kumpima, na akamkataa mwenye alama hiyo, mayai hayatakuwa na sababu ya kukwanguliwa. Na anunuaye kwa mlo wa nyumbani, Mombasa au Lamu, naye ana haki ya kuomba apinduliwe kambakoche kabla ya kutoa fedha yake.