Mguu Chini: Kumbukumbu za Waendesha Pikipiki wa Kale wa Burat

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii imetumiwa mno katika insha za shule hata makali yake yamepungua. Hata hivyo, huko Burat, wadi iliyo jirani na mji wa Isiolo, waliishi watu waliokula jasho lao kwa kuitii. Watu hao ni waendesha pikipiki wa kale, waliotangulia kabla neno bodaboda halijaenea nyikani. Waliosalia ni wachache, na mashine zao nyingi zimegeuka vyuma chakavu. Nia yangu katika makala haya ni kuwakumbuka, na pia kuuliza swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: ustadi ambao haukuandikwa popote huhifadhiwa na nani?

Msomaji asiyeijua Burat na aifikirie hivi. Mto Isiolo huteremka kutoka upande wa Mlima Kenya, na kando yake pana vishamba vinavyonyweshwa kwa mifereji. Ukiuacha mto kidogo tu, unaingia katika nyika ya migunga na vikwata. Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali hukutana hapo, na lugha inayowaunganisha sokoni na kisimani ni Kiswahili. Njia zake zilikuwa, na nyingi zingali, za aina tatu. Kuna za mawe meusi yaliyotapakaa ardhini. Kuna za mchanga wa laga, yaani mito mikavu ambayo hufurika ghafla mvua inyeshapo kwingine. Tena kuna za udongo mweusi, ambao ukilowa hunata kwenye tairi hadi gurudumu likatae kuzunguka.

Wakati wa utoto wangu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, pikipiki zilizopita njia hizo zilihesabika kwa vidole. Moja ilikuwa ya afisa wa mifugo, nyingine ya muuguzi aliyebeba chanjo katika kisanduku cha barafu, nyingine ya katekista. Zilikuwa Yamaha za DT na AG 100, Honda za XL, na Suzuki moja ambayo rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Baadhi zilikuwa na injini ya mipigo miwili, ambayo huunguza oili pamoja na petroli, kwa hiyo zilitanguliwa na mlio mkali na kufuatwa na moshi wa samawati. Sisi tuliokuwa tukichunga mbuzi tulizitambua kwa sauti kabla hatujaziona, na tulibishana ni nani anayekuja.

Aliyenivutia zaidi alikuwa afisa wa mifugo, Mmeru wa makamo ambaye wazee wetu walimwita Daktari. Alipofika kwenye laga hakuongeza kasi. Alisimama ukingoni, akazima injini, akashuka, akatembea juu ya mchanga akiugandamiza kwa kisigino hapa na pale. Kisha alirudi, akawasha, akasimama juu ya vikanyagio, magoti yakilibana tangi, akavuka kwa gia ya pili bila kubadilisha mlio wa injini. Usukani aliushika kwa mikono iliyolegea, akauacha uyumbe kidogo kama utakavyo. Siku moja, baada ya kutibu mbuzi wetu, alinipakia kunipeleka dukani. Kabla ya kuondoka alinipa maagizo matatu: “Kijana, usinikumbatie, shika chuma cha nyuma. Mimi nikilala upande, lala nami. Na mchanga ukitushinda, weka miguu chini, si aibu.”

Nilipojiunga na chuo kikuu ndipo nilipojua kwamba mwendo ule una mchezo wake. Uingereza na kwingineko Ulaya kuna mashindano ya pikipiki ambayo jina lake likifasiriwa ni “majaribio”. Shabaha yake si kasi. Mwendeshaji hupitishwa katika vijito, mizizi na majabali, na mwamuzi humtazama miguu. Kwa hesabu iliyozoeleka, akigusa ardhi kwa mguu mara moja hupewa alama moja ya adhabu, mara mbili alama mbili, mara tatu au zaidi alama tatu, na akishindwa kabisa kupita, tano. Mwenye alama chache zaidi ndiye bingwa. Gwiji wa enzi hizo alikuwa Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, aliyevuma kwa pikipiki nzito ya Ariel yenye injini ya mipigo minne. Baadaye alihamia Bultaco ya Uhispania, nyepesi na ya mipigo miwili, na mwaka 1965 akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Uskoti. Mashine nzito zikaanza kuaga. Leo wapo wanaozitamani, nao wameziandalia mashindano yake, ya pikipiki za mitindo ya kabla ya 1965.

Mwaka huo huo wa 1965, hapa Afrika Mashariki, Joginder Singh alishinda mashindano ya Safari kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Jina lake lingali midomoni mwa Wakenya, na anastahili. Lakini ni wazi kwamba kumbukumbu zetu zimeelemea upande wa kasi. Aliyevuka laga taratibu ili chupa za chanjo zisivunjike hatukumpa jina wala kikombe.

Sidai kwamba Daktari angeshinda Uskoti. Yeye aliweka mguu chini kila alipoona haja. Kwa mchezaji, mguu chini ni kosa linaloandikwa kitabuni. Kwa Daktari ulikuwa sehemu ya hesabu, maana nyuma yake palikuwa na dawa au mgonjwa, na mbele yake hapakuwa na mwamuzi wala watazamaji wa kumwinua. Kipimo chake kilikuwa kufika na alichokibeba kikiwa kizima. Kwa kipimo hicho nathubutu kumweka katika safu moja na mabingwa wa Ulaya.

Nisieleweke vibaya. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na haukupita muda mrefu kabla Boxer na TVS hazijajaa hadi vijijini. Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale nayo iliwekwa lami kwa awamu, ikakamilika katika muongo wa 2010. Mabadiliko haya yameokoa watu. Mama yangu alinizaa njiani, chini ya mgunga, kwa sababu usiku ule hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitalini. Dada yangu aliposhikwa na uchungu miaka mingi baadaye, alipiga simu, na bodaboda ikafika mlangoni kabla chai haijapoa. Anayetamani siku za kale bila kutaja jambo hili anawadhulumu akina mama wa Burat.

Lakini kuna upande wa pili. Mnamo Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, binamu yangu mwenye umri wa miaka 20 aliingia katika laga akiwa na abiria wawili. Maji yalikuwa ya magotini tu. Aliongeza mafuta ili apite upesi, gurudumu la mbele likazama katika mchanga laini, na pikipiki ikawaangukia. Abiria walinusurika. Yeye alivunjika mguu, na hadi leo anachechemea. Nilipomuuliza kama aliupima mchanga kwanza, alinitazama kwa mshangao. “Kaka, ningeupima vipi? Nani alinifunza?” Pikipiki aliipata kwa mkopo asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa amebeba abiria. Wazee waliojua kuupima mchanga waliishi mwendo wa nusu saa kutoka kituoni pake.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alitufundisha methali ya mabaharia: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, kwa hiyo alichora jahazi ubaoni na kutuonyesha tezi, omo na ngama. Hivyo mtoto wa nyikani akapokea ujuzi wa watu wa pwani, kwa kuwa lugha ilikuwa imeushika. Laga ya Burat haijapata methali. Maneno ya waliozivuka yangali katika vinywa vya wazee wachache.

Tangu mwaka jana, kila likizo, nimekuwa nikiwatembelea watatu kati yao na kuandika wanayosema. Muuguzi mstaafu husema “kuonja mchanga” kwa kile kitendo cha kuukanyaga kwa kisigino kabla ya kuvuka. “Kumeza jiwe” ni kusimama juu ya vikanyagio na kuacha magoti yapokee mshtuko. “Kushika sauti moja” ni kuendesha bila kuongeza wala kupunguza mafuta mpaka ng’ambo. Daktari mwenyewe hayupo tena duniani kunisahihisha. Nilipomsomea binamu yangu orodha hii alicheka kidogo, kisha akaomba nirudie lile la kushika sauti moja, na akauliza nyumba ya muuguzi iko wapi.

Nawasihi wenzangu tusingoje tasnifu. Kila mmoja wetu anatoka mahali penye fundi wa aina hii: mchimba visima, mpanda minazi, mfua vyuma, mvushaji wa mtumbwi. Likizo ijayo tuende na daftari, tukae chini, tuwaulize wanakiitaje kile wanachokifanya, tena tuwaombe watuonyeshe.