Intaneti Safarini: Darasa Lililotufuata Kutoka Kigali Hadi Dar es Salaam



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, wengi wenu mmetuuliza tuliwezaje kuendelea na darasa la jioni mwezi wa saba mwaka 2023, hali ya kuwa tulikuwa njiani na familia nzima. Tumeonelea tuyaandike hapa ili yawafae na wengine wanaojiandaa kwa safari za likizo.

Wenzetu wa Marekani wana magari wanayoyaita RV, yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na familia huweza kuishi humo wiki kadhaa. Sisi wa Nyamirambo hatuna gari la namna hiyo. Tulichonacho ni Coaster ya shemeji yetu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukapakia jiko la gesi, madumu ya maji na birika la kutawadhia. Humo tulikuwa sisi na mama watoto, watoto watano, bibi yao, na shemeji kwenye usukani.

Darasa letu lina wanafunzi kumi na mmoja, na husoma kwa simu kila jioni baada ya Magharibi. Miongoni mwao yumo binti mmoja aliyebakisha sura tatu tu kumaliza juzuu ya thelathini: Abasa, An-Naaziaat na An-Naba. Baba yake anafanya kazi Muscat na hupata nafasi usiku wa Alhamisi peke yake. Alikuwa amesubiri miaka miwili kumsikia mwanawe akihitimisha. Kuahirisha hatukuweza, na safari nayo haikuwa ya kuahirishwa, kwani bibi alikuwa na miadi ya daktari Dar es Salaam.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza tulilofanya ni kupakua nyumbani kila kinachoweza kupakuliwa. Ramani ya njia nzima tuliihifadhi ndani ya simu, kwani simu hupata mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti hata bila intaneti. Kisomo cha Qur'ani na masomo ya watoto tuliyahifadhi vilevile.

Hapa wazazi wajue hesabu. Sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kiasi cha megabaiti 29 kwa saa. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa hiyohiyo. Yaani katuni ya saa moja inakula kisomo cha saa kumi na tano! Kwa hiyo tuliwaambia watoto mapema: bando ni la darasa na la dharura.

MPAKANI

Tulivuka Rusumo, kwenye daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2016. Hapo gari linahama kutoka kuendeshwa upande wa kulia kwenda kushoto, na saa inasogea mbele kwa saa moja.

Laini ya nyumbani huweza kutumika ng'ambo, lakini intaneti yake huko ilikuwa ghali mno kwetu. Njiani kijana mmoja alituletea laini "iliyokwisha kusajiliwa", bila karatasi wala pasipoti. Tulimshukuru tukamrudishia. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Laini ya jina la mtu mwingine ni udanganyifu, na akifanya mwenyewe jambo baya, wewe ndiye uliyeishika. Tulisubiri hadi Kahama, tukasajili kwa wakala kwa pasipoti yetu na vidole vyetu, bila ya wasiwasi.

SAA NA KIBLA

Tahadharini na programu za nyakati za swala. Jua halitazami mpaka wa nchi. Upande wa Rusumo saa za Tanzania, Adhuhuri huingia karibu saa saba mchana, lakini Dar es Salaam huingia mapema zaidi, kwa sababu kila digrii moja ya kuelekea mashariki jua hutangulia kwa dakika 4. Kati ya Kigali na Dar es Salaam ni kama digrii 9, yaani zaidi ya nusu saa. Simu iliyobaki na mji wa jana itakuadhinia vibaya, na mwenye kufunga anaweza kuharibikiwa.

Kibla nacho hubadilika. Kigali tunaelekea kaskazini na kukengeuka kiasi cha digrii 22 kwenda mashariki. Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini tupu. Dira ya simu haihitaji intaneti, ila bati na chuma cha gari huivuruga. Shuka, tembea hatua kadhaa mbali na gari, ndipo uipime.

ALHAMISI JIONI

Mpango ulikuwa kufika Singida kabla ya Magharibi, mjini ambako mtandao una nguvu. Lakini gurudumu lilipasuka tukiwa tumeiacha Igunga nyuma, na giza likatukuta palepale. Intaneti ilikuwa ikija na kuondoka. Ndani ya gari haikuwepo kabisa, maana mabati huzuia mawimbi. Tulipanda kichuguu kando ya barabara, ikaja kidogo, sauti zikakatika katikati ya aya. Na mwalimu wa Qur'ani hawezi kusikiliza nusu ya neno.

Saa zetu zilikuwa saa mbili usiku, Kigali saa moja, Muscat saa tatu. Baba alikwisha kuwa hewani akingoja.

Mama wa yule binti ndiye aliyepata akili. Alisema: "Ustadh, intaneti ikikataa si kuna simu ya kawaida?" Ni kweli. Simu ya kawaida huhitaji mawimbi machache kuliko intaneti. Akatupigia kwa simu moja, na ya pili yenye baba wa Muscat akaiweka kando yake mezani, zote zikimuelekea mtoto. Binti akasoma. Sisi tuko juu ya kichuguu, shemeji anafunga nati chini kwa tochi, watoto wetu wamekaa kimya kwenye mkeka. Tulimrudisha mahali pawili, mara moja kwenye madda na mara moja kwenye ghunna. Alipomaliza An-Naba hatukusikia neno kutoka Muscat kwa muda, kisha tukasikia mtu mzima analia.

Baada ya hapo, darasa la wengine tuliliendesha kwa kurekodi. Mwanafunzi anajirekodi, anatuma, nasi tukifika penye mtandao tunapokea, tunasikiliza na kurudisha masahihisho kwa sauti. Anayesoma hivyo hujisikiliza mwenyewe kwanza, na hilo ni faida.

NASAHA YETU

Kwanza, dereva asishike simu kabisa. Roho za watu ni amana kubwa kuliko ujumbe wowote. Pili, chaji simu gari likitembea, na uwe na betri ya akiba. Tatu, weka salio la simu ya kawaida mbali na bando, kwani siku ya haja ndilo litakalokuokoa. Nne, wekeni saa za kuzima. Kutoka Manyoni hadi Dodoma tulizima simu zote, na bibi akawasimulia wajukuu namna Biryogo ilivyokuwa alipokuwa msichana. Watoto bado wanamuuliza habari zile hadi leo.

Allah awape wasafiri wote salama, na awakutanishe wazazi walio mbali na watoto wao. Amin.

Wabillaahi tawfiq.