Ngoma na Mahali Pake

Wahenga walinena kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Methali hii niliijua tangu shuleni, lakini maana yake ilinikaa barabara nilipokuwa mtu mzima, mbele ya meza yangu ya kuandikia, nyumbani kwetu Nkoma.

Mjomba wangu alikuwa mpiga ngoma. Huku Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, kila manju na watu wake, na ushindi ni wa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Mjomba alipiga ngoma ndogo, ile inayoijibu ngoma kuu. Mwaka 1986 shindano moja lilinaswa kwa redio kaseti yenye maikrofoni mbili, nami nikaitunza kaseti hiyo kwa miaka mingi. Baadaye sauti yake ilihamishiwa katika kompyuta; nikanunua amplifaya ndogo na spika mbili za mezani, kisha nikamwalika mzee aje ajisikie.

Spika nilikuwa nimezisukuma hadi ukutani, moja katika pembe ya chumba, ili zisizuie karatasi zangu. Kwa heshima yake nikafungulia sauti kubwa. Mzee akasikiliza kitambo, kisha akasema, "Mpwa wangu, hawa si sisi. Naisikia radi, siisikii ngoma."

Maneno hayo yaliniuma, maana macho yake yalikuwa yamekwisha fifia, na masikio ndiyo pekee yaliyosalia kumrudisha uwanjani. Kulipokucha nikaianza kazi upya.

Jambo la kwanza lilikuwa ukuta. Sauti nzito huenea pande zote. Spika ikiegemea ukuta, na hasa ikiwa penye pembe, uzito huo huongezeka hata ukaifunika sauti nyembamba. Nikaivuta meza, nikaacha kama futi mbili nyuma ya spika. Jambo la pili lilikuwa kimo. Sauti nyembamba husafiri kama mshale, na mishale yangu ilikuwa ikimlenga mzee kifuani. Nikaziinua spika kwa vipande vya mbao mpaka zikalingana na masikio ya mtu aliyeketi. Na sauti iliyokuwa ikigonga uso wa meza ikapungua. Jambo la tatu lilikuwa nafasi. Kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwa cha msikilizaji, hapana budi umbali uwe mmoja, kama mafiga matatu. Hapo ndipo kila mpigaji hupata mahali pake, huyu kushoto, yule kulia.

Jambo la mwisho lilikuwa chumba chenyewe. Nyumba ya udongo na nyasi huimeza sauti. Nyumba yangu ya saruji na bati huirudisha, ikamfikia msikilizaji mara ya pili na kuvuruga ile ya kwanza. Nikatundika blanketi ukutani, nikatandika ngozi ya ng'ombe sakafuni. Kisha nikapunguza sauti.

Jioni mzee akaketi penye figa la tatu. Wimbo ulipofika katikati, vidole vyake vikaanza kugonga goti, nyuma kidogo ya ngoma kuu. "Huyo ni mimi," akasema. Halafu akacheka, "Na hapo nilichelewa!" Akanieleza kwamba hata wao hawakusimama ovyo uwanjani, kwani ngoma kuu ikimsogelea mno manju, maneno ya wimbo hupotea.

Usiku ule alinitajia wapigaji wote sita, mmoja mmoja, kwa jinsi alivyosikia mikono yao. Nikayaandika majina yao daftarini. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyeyaandika popote, na katika kaseti hayakutajwa.

Ndugu mwalimu, nawe mwanafunzi, huenda nyumbani kwenu imo kaseti ya namna hii. Kuitunza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipangia sauti yake mahali panapofaa, na kumketisha mzee mbele yake angali hai.